Bi Nukta na Klipu ya Sekunde Sita

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa kumi kamili alasiri, mhariri wetu wa kurasa za michezo anastaafu baada ya kulitumikia gazeti hili kwa miaka thelathini na nne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika siku saba, naye akairudisha fomu mara mbili mpaka wakakubali kwamba walizisahau siku nne za mwanzo, alizofanya kazi kabla barua yake ya ajira haijapigwa chapa. Kamati ya sherehe, iliyokuwa imekwisha kuagiza kadi za mwaliko zenye hesabu ya zamani, ikalazimika kuagiza nyingine. Tukisema tutamkumbuka, tuna maana ya mambo ya namna hiyo.

Jina lake kamili limo kwenye kadi. Humu ndani anaitwa Bi Nukta, jina alilolipata kabla wengi wetu hatujaajiriwa. Wanaodhani kwamba anazipenda nukta wanakosea. Mwenyewe anasema aliitwa hivyo kwa sababu wenzake walikuwa hawaziweki, na mtu mmoja alipaswa kuzunguka meza kwa meza akizidai.

Alianza kama mpiga chapa. Enzi hizo matokeo ya michezo ya ng'ambo yaliingia kwa simu, na kazi yake ilikuwa kukaa ameubana mkono wa simu kati ya shavu na bega huku vidole vikienda. Mwezi wake wa kwanza akaletewa tenisi. Mtu wa upande wa pili akamsomea: kumi na tano, thelathini, arobaini. Bi Nukta, ambaye hajawahi kumwachia mtu kosa, aliona jamaa amechanganyikiwa, maana anayehesabu kwa kumi na tano akitoka thelathini huenda arobaini na tano. Akamsahihisha palepale kwenye karatasi. Kesho yake gazeti zima likawa na arobaini na tano kila mahali. Wasomaji walipiga simu siku mbili mfululizo kulalamika kwamba kwenye tenisi ni arobaini kweli, isipokuwa mwalimu mmoja wa hesabu aliyepiga kupongeza.

Mwingine angecheka yakaisha. Yeye alikwenda kwenye klabu iliyo nyuma ya ofisi ya posta, yenye viwanja viwili vya tenisi, akakaa kwenye benchi kila Jumamosi kwa muda wa miezi minne akiwatazama madaktari na mawakili wakihangaika na mpira. Hakuwahi kushika raketi, na mpaka leo hajaishika. Alichojifunza pale ni kutazama: nani anachoka mguu upi, nani anapiga kwa hasira, nani anaumwa na hataki ijulikane. Na alijifunza kukaa mpaka wachezaji watoke uwanjani, tabia iliyokuja kutupandisha presha sisi wote.

Kutoka mpiga chapa akawa msahihishaji, kisha mwandishi, kisha mhariri wa michezo. Alipita chini ya wahariri wakuu saba. Alihama na gazeti majengo matatu, akaona mashine za chapa zikiondolewa na ghorofa ya chini ikigeuzwa kuwa dawati la mtandao, lenye viti vya rangi ya machungwa na skrini kubwa ukutani. Skrini hiyo huonyesha watu wangapi wanasoma nini kwa dakika hiyo. Meza yake ilikuwa inaitazama moja kwa moja. Aliomba ahamishwe, akakataliwa, basi akageuza kiti akaipa mgongo.

Nilijiunga na dawati hilo miaka saba iliyopita kwa mkataba wa mwaka mmoja. Tangu siku ya kwanza mama huyu alinikera, na sioni sababu ya kuficha, kwa kuwa hata yeye hakuficha kwamba namkera.

Acha nieleze kazi yetu ilivyo, kwa ajili ya ndugu na majirani zake watakaokuwa ukumbini. Mechi kubwa ya tenisi inapokaribia, watu maelfu huanza kuandika maswali kwenye simu zao. Nani anacheza? Saa ngapi? Ana urefu gani? Ameolewa? Kazi yetu ni kuwa na jibu tayari kabla hawajauliza. Tunaandika habari mbili mapema, moja ya mshindi huyu na nyingine ya mshindi yule, tukiacha nafasi ya kujaza matokeo. Mpira wa mwisho ukianguka, tunajaza na kubofya. Mkuu wa dawati wakati huo, bwana mmoja mwenye haraka ambaye sote tulimwita Mkuu, alikuwa na msemo mmoja tu: kitu kikitrendi, tuna dakika ishirini. Baada ya hapo kila mtu ameshakula, sisi tunaosha vyombo.

Sasa mpe habari hiyo Bi Nukta aipitie kwa dakika ishirini. Kwanza aliichapa kwenye karatasi, kwa sababu kosa alikuwa halioni kwenye kioo cha kompyuta. Mashine ya kuchapa iko mwisho wa ukumbi, na alitembea kwa mwendo wake. Kisha aliuliza, "Hii umeiona wapi?" Ukimwambia umeiona kwenye tovuti fulani, aliuliza wao waliiona wapi. Neno lake la siri la kompyuta alilisahau kila Jumatatu, na mafundi wa kompyuta walimwekea siku yake maalumu kama kliniki. Habari ya "Ameolewa?" aliikataa kabisa. Alisema kama mchezaji hakuja uwanjani na mume, mume si sehemu ya mechi. Nikamwonyesha kwamba watu elfu kumi na nane wanauliza swali hilo saa ileile. Akanijibu, "Waambie wamuulize mwenyewe."

Kila tulipomaliza dakika zetu ishirini, yeye alikuwa bado na kalamu mdomoni. Nimewahi kwenda chooni kupiga ukuta ngumi.

Basi tufike kwenye siku ninayotaka kuizungumzia. Ni miaka sita iliyopita, Jumamosi, robo fainali ya wanawake ya mashindano makubwa ya ng'ambo, mechi iliyoanza kwetu saa nane mchana. Alikuwa anacheza dada mmoja mrefu sana, kipenzi cha watu, na nitamwita Mrefu. Mpinzani wake alikuwa binti mfupi aliyevaa kofia nyeupe. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha Ijumaa iliyofuata. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu na mke ambaye kila jioni aliniuliza kama wameniambia lolote.

Mechi niliitazama kama tunavyotazama dawatini, yaani sikuitazama. Nilikuwa na madirisha tisa kwenye kompyuta, na mechi ilikuwa ndogo kwenye kona, haina sauti. Bi Nukta alikuwa ameiwasha kwenye televisheni ndogo iliyo juu ya kabati la mafaili, amekaa mbele yake na daftari, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

Mrefu alishinda seti ya kwanza. Akafungwa ya pili, akafungwa na ya tatu. Nikajaza nafasi kwenye habari ya binti wa kofia, nikabofya, nikapumua. Dakika mbili baadaye ikaingia klipu.

Ilikuwa ya sekunde sita. Wachezaji wawili wanakutana kwenye wavu. Binti wa kofia ananyoosha mkono kumsalimia mwenzake. Mrefu anautazama ule mkono, anaurudisha wake kifuani, anageuza bega na kupita. Klipu inaishia hapo. Kufumba na kufumbua, dunia nzima ilikuwa inaigombania. Mkuu akasimama nyuma ya kiti changu.

"Tunayo?"

"Naipandisha sasa hivi."

"Kichwa?"

Nikaandika: "Jeuri ya Mrefu: Amkatalia Mwenzake Mkono." Mkuu akasema toa hayo mengine, acha jeuri na mkono. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili. Kanuni ilisema kila kitu cha michezo kipite kwa Bi Nukta kwanza. Nilimtazama, bado alikuwa ameikodolea macho televisheni, nikajiambia ya nini kumsumbua mama wa watu. Nikabofya.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Skrini ya ukutani ilipanda mpaka mstari ukagonga juu. Watu elfu arobaini, elfu tisini, laki na nusu. Maoni yalimiminika, na mengi yalikuwa matusi ambayo siwezi kuyarudia kwenye kijitabu cha sherehe. Mkuu akanipiga bega. Akasema anapanda ghorofani kuwaonyesha wakurugenzi, walikuwa na kikao, na kwamba kuhusu Ijumaa nisiwe na wasiwasi. Kabla hajatoka alipita kwa Bi Nukta akamwagiza habari ya pili: mambo matano ya jeuri ya Mrefu, katika nusu saa.

Bi Nukta akauliza, "Jeuri gani?"

"Mama, tazama ukutani," Mkuu akasema, akaenda zake.

Akageuza kiti. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kuitazama skrini ile. Akasoma kichwa changu, midomo ikicheza. Kisha akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akachukua simu na kumpigia mdogo wake, ambaye ni fundi wa eksirei hospitalini. Alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida na sote tulisikia upande wake.

"Mtu akianguka akaegemea kiganja, halafu akawa hawezi kukizungusha kifundo, ni nini? … Najua humwoni. … Sikuambii umpime, nakuuliza tu. … Haya. Haya, mdogo wangu. Basi sitaandika kwamba kimevunjika."

Akaanza kuandika. Nusu saa ikapita, ikawa dakika arobaini. Mimi nilikuwa nampigia hesabu kwa macho, nikiona ile nafasi ya mambo matano inavyopotea, wenzetu wa tovuti nyingine wameshatoa mambo saba, kumi. Nilikuwa nimefura. Ndipo akaja mezani kwangu na karatasi mbili zilizochapwa.

"Hii ndiyo habari," akasema. "Iweke. Na ile yako uitoe."

Nikacheka, si kwa furaha. Nikamwambia, "Mama, ile ina watu laki mbili."

"Kwa hiyo laki mbili wamedanganywa."

"Klipu ipo. Kila mtu ameiona. Amekataa mkono."

"Umeitazama mechi?"

Nikasema ndiyo. Akayatazama madirisha yangu tisa. Nikasema nimeitazama kidogo.

Akavuta kiti cha machungwa akakaa kando yangu. Hakugomba. Alikaa tu, mikono mapajani, kama alivyokaa mbele ya televisheni, nami nikajifanya nina kazi. Nilifungua madirisha nikayafunga. Nilijua Mkuu yuko juu na wakurugenzi, nilijua Ijumaa inakuja, nilijua nikimpa huyu mama dakika tano atanimaliza. Alikaa robo saa nzima. Yeyote aliyewahi kusubiriwa na Bi Nukta anajua hali hiyo. Hatimaye nikazichukua karatasi zake ili aondoke.

Hakuwa ameandika kwamba Mrefu ameumia. Aliandika alichokiona, na saa yake. Gemu ya sita ya seti ya pili, Mrefu aliteleza akaangukia kiganja cha kulia. Aliinuka, akakikunja kiganja mara moja, akaacha. Tangu hapo, kila mpira ulipokufa, aliihamishia raketi mkono wa kushoto, jambo ambalo hakulifanya hata mara moja kabla. Aliacha kupiga lile pigo lake kali la kuanzia na badala yake akawa anausukuma tu mpira uvuke. Taulo alilipokea kwa kushoto. Chupa ya maji aliifungua kwa meno. Alicheza hivyo seti moja na nusu, hakumwita daktari, hakumwambia mwamuzi. Na kwenye wavu, aliandika Bi Nukta, raketi ilikuwa mkono wa kushoto na wa kulia haukuwa wa kupewa mtu. Kilichofuata baada ya klipu kukatwa kiko kwenye rekodi ya mechi, na yeyote mwenye dakika moja anaweza kukitazama.

Nilikuwa nayo dakika moja. Nikaifungua rekodi nzima na kuisogeza mpaka mwisho. Mrefu anaurudisha mkono kifuani, anageuza bega, kama kwenye klipu. Na sekunde ya saba binti wa kofia anaelewa. Anaushusha mkono wake, anamshika mwenzake bega, na yule dada mrefu anainama mpaka paji la uso linagusa kofia. Wanakaa hivyo kitambo. Binti wa kofia ndiye anayembebea begi.

Nikairudia mara tatu nikitafuta namna ya kujitetea, sikuipata. Nikatazama ukutani. Laki mbili na elfu arobaini. Chini ya maneno yangu mtu alikuwa ameandika anatamani mkono ule ukatike.

Bi Nukta akasema kwa sauti ndogo, "Sasa umeona."

"Nikiitoa, Mkuu atanifukuza."

"Anaweza."

Hakunihurumia wala hakunisukuma. Nikaingia kwenye akaunti ya dawati, ile tuliyokuwa tukiitumia wote, nikalifuta chapisho. Kwa mkono wangu. Naomba hilo lisomwe vizuri: nililifuta mimi, Bi Nukta akiwa amekaa kando, mikono mapajani.

Baadaye tuliambiwa ilivyokuwa ghorofani. Mkuu alikuwa amesimama mbele ya wakurugenzi, ameifungua ile picha ya namba, anawaonyesha mstari unavyopanda, na mstari ukaanguka mbele ya macho yao mpaka sakafuni. Alishuka ngazi badala ya kungoja lifti. Tulimsikia kabla hatujamwona.

"Nani ametoa?"

Nilifungua mdomo. Nikawaza Ijumaa, nikamwaza yule wa miezi mitatu, nikaufunga.

"Mimi," akasema Bi Nukta.

"Wewe, mama? Wewe neno lako la siri hulijui."

"La dawati limebandikwa hapo ukutani, bosi. Hata mfagiaji analijua."

Ilikuwa kweli, lilikuwa limebandikwa. Mkuu akasoma zile karatasi mbili akiwa amesimama, akazitupa mezani. Akasema hata kama ni kweli, nani ataisoma saa hizi. Habari haikutoka siku hiyo.

Ilitoka Jumatatu. Asubuhi hiyo waandaaji wa mashindano walikuwa wametangaza kwamba Mrefu amejitoa kwenye mechi za wawili wawili kwa sababu ya ufa kwenye mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia. Tovuti zilizomtukana zikaanza kumwonea huruma kwa kasi ileile. Mkuu akaja mbio kwa Bi Nukta, safari hii na tabasamu, akitaka habari yake ipande palepale na kichwa chenye maneno "Tuliwahi Kuona." Alisema sisi ndio wa kwanza.

"Hatukuwa wa kwanza kuona," Bi Nukta akamjibu. "Tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kukosea. Iandikwe hivyo, au nirudishie karatasi zangu."

Wakavutana mpaka saa sita. Iliandikwa hivyo: kwanza mistari minne ya kuomba radhi, kisha habari yake kama alivyoiandika. Watu walioisoma walikuwa elfu tatu, mia moja na kumi na wawili. Nilisubiri siku nzima nikitazama skrini, nikitumaini ingepanda ili nipate cha kumwambia. Haikupanda. Yeye aliigeuzia mgongo kama kawaida yake na kuendelea na matokeo ya mpira wa kikapu wa shule.

Jumatano alipewa barua ya onyo, kwa kosa la kuondoa habari bila idhini na kulitia gazeti aibu mbele ya wakurugenzi. Ijumaa mkataba wangu ukaongezwa. Mwezi uliofuata ilikuwa itangazwe nafasi ya mhariri mkuu wa michezo, na jengo zima lilijua ni yake, hapakuwa na mwingine. Lakini mwenye onyo kwenye faili hapandishwi cheo kwa miaka mitatu. Akaletwa mtu kutoka nje, akakaa miaka miwili akaondoka, na nafasi ikapewa mtu mwingine.

Nilipewa mimi. Ninaikalia hadi leo. Anaponiletea kurasa huniita bosi, bila kejeli yoyote, na kila mara neno hilo linaponigusa nataka kuingia chini ya meza.

Nilijaribu kusema, si mara moja. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya barua yenyewe, kwenye korido. Nikamwambia naenda kwa Mkuu sasa hivi.

"Mtoto ana miezi mingapi?" akaniuliza.

"Mitatu."

"Anashika shingo?"

"Ameanza."

"Basi nenda nyumbani." Na akaingia zake kwenye lifti.

Mara ya pili nilikuwa nimeshapewa cheo. Nikamwita ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia siwezi kuendelea hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba tangu ile Jumamosi sijapandisha kitu bila kukitazama chote, na kwamba yeye hilo linamtosha, na je, naweza kusaini ukurasa wa kumi na nne, maana wenye mtambo wanasubiri. Mtu aliyeniandama miaka saba juu ya nukta na mkato, aliyelirudisha jina la kocha mara tano kwa sababu ya herufi moja, kosa kubwa kuliko yote lililopita mbele yake aliliacha lisimame, na lilisimama juu yake mwenyewe. Sijui kama kuna kitu kilichowahi kunikera kuliko hicho.

Wiki iliyopita nilikwenda utumishi na maelezo yangu yaliyosainiwa. Waliniuliza nina uhakika. Walisema faili linafungwa Ijumaa, mama anaondoka salama, kuna faida gani. Nikakaa pale kwenye kiti chao, mikono mapajani, nikasubiri. Jana mchana wameniandikia kwamba onyo limefutwa kwenye faili lake pamoja na tarehe yake, na kwamba kwenye langu limeandikwa jipya. Wenzangu wa dawati walisoma haya leo asubuhi kabla ya kijitabu kwenda kuchapwa. Wengine wameshtuka, na wawili hawajanisemesha tangu hapo. Ni haki yao.

Yeye pia ameyasoma. Hakuna kijitabu cha sherehe kilichowahi kutoka humu bila kupita kwake, na hakuona sababu ya chake kuwa tofauti. Alinirudishia jana saa tisa kikiwa na masahihisho arobaini na matatu. Nimeyafuata arobaini na mawili. Alikuwa sahihi kwamba ni gemu ya sita, mimi nilikuwa nimeandika ya tano. Alikuwa sahihi kwamba nimetumia "sana" kupita kiasi. Sahihisho la mwisho ni mstari mmoja mrefu alioupitisha juu ya aya zote zinazoanzia pale Mkuu alipouliza nani ametoa, na pembeni ameandika: "Hazihusu. Punguza."

Nimezirudisha zote. Ni kitu cha kwanza nilichowahi kukichapisha baada ya Bi Nukta kukikata.

Kwa niaba ya gazeti, wapiga chapa, madereva, mafundi wa kompyuta watakaobaki na Jumatatu tupu, na wote waliowahi kulia chooni kwa sababu yake, tunamshukuru kwa miaka yote. Kesho Jumamosi kuna fainali, saa nane mchana. Tunamtakia aitazame akiwa kwake, miguu juu ya kigoda, mdogo wake pembeni, kuanzia mpira wa kwanza hadi wachezaji watoke uwanjani, na pasiwe na mtu yeyote wa kumwomba kichwa cha habari. Tunamtakia afya, macho mazuri na siku nyingi za namna hiyo.

Makosa yaliyomo humu ni yangu.